Kila sauti ina paukwa yake: kulitambua faili kwa baiti zake za mwanzo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana huko Pemba. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimrekodi akisimulia hadithi na kuimba nyimbo za kubembelezea watoto, kwanza kwa simu ya vitufe, baadaye kwa simu za kisasa, na zote niliziweka kwenye memori kadi moja. Mwezi uliopita niliichomeka kwenye kompyuta, Windows ikasema kadi ina hitilafu, nikakubali irekebishe. Ilipomaliza, folda yangu haikuwepo. Kuna folda inaitwa FOUND.000 na ndani yake mafaili 11, FILE0000.CHK hadi FILE0010.CHK. Nimeyabadilisha majina yote yaishie .mp3. Mawili yanacheza, mengine yanagoma. Moja nililifungua kwa Notepad nikaona vijialama visivyosomeka, ila mwanzoni kabisa kumeandikwa #!AMR. Je, ndiyo nimezipoteza? Kuna programu ya kuyageuza yawe mp3?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa bibi. Nianze na lile linalokuumiza: kwa dalili ulizoniandikia, nina matumaini makubwa kwamba sauti zake nyingi bado zipo. Mawili yanacheza, na lile lenye #!AMR limekwisha kujitambulisha lenyewe. Kilichopotea ni majina na tarehe. Kadi hutunza mahali pamoja orodha ya mafaili, yaani hili linaitwa hivi na linaanzia pale, na mahali pengine inatunza data yenyewe. Orodha ndiyo iliyoharibika. Windows ilipokagua ikakuta minyororo ya data isiyo na mwenyewe, ikaikusanya, kila mnyororo ikaupa namba na kuumalizia kwa CHK.

Kubadilisha majina hakujaharibu kitu, maana jina limo kwenye orodha na haligusi hata baiti moja ya kilichomo. Kwa sababu hiyohiyo, hakukusaidia. Kopo la sukari ukiliandika "chumvi", chai itabaki tamu. Programu nyingi za muziki za simuni huangalia kiendelezi, ile .mp3 baada ya nukta, zikaamini, zikajaribu kusoma kilichomo kama mp3, zikashindwa. Programu kama VLC huchungulia ndani kwanza, na ndiyo maana faili moja laweza kugoma kwenye simu likacheza kwenye kompyuta.

Kabla hujaendelea, usiirudishe kadi kwenye simu. Inakili folda nzima ya FOUND.000 kwenye kompyuta, kisha inakili tena kwenye flashi uiweke kabatini. Fanyia kazi nakala tu. Na tafadhali usiyafungue tena kwa Notepad. Kutazama hakuna madhara, lakini siku ukibonyeza kuhifadhi kwa bahati mbaya, Notepad itaandika upya kila kitu kana kwamba ni maandishi, na hapo ndipo sauti itakapokufa kweli. Zile tovuti za kugeuza mafaili nazo achana nazo kwa sasa. Hazijui unachozipa, na wewe pia bado hujakijua.

Sasa tukijue. Bibi yako hakuanza hadithi kavukavu. Alisema "Paukwa!", mkaitikia "Pakawa!", hata aliyekuwa jikoni akajua kinachofuata ni hadithi. Mafaili ya sauti, karibu yote, yana paukwa yao: baiti chache za mwanzo ambazo ni zilezile kwa kila faili la aina hiyo. Tunaziita saini ya faili. Wazo hili ni la siku nyingi; amri ya file kwenye Unix, ambayo hutambua faili kwa kulisoma ndani, ipo tangu 1973.

Pakua HxD, ni programu ya bure ya Windows ya kusoma baiti. Ukiwa na Mac au Linux, andika xxd kisha jina la faili. Utaona safu tatu. Kushoto ni namba ya mahali ulipo ndani ya faili, na huanza kuhesabu kutoka 0. Katikati ni baiti zenyewe, kila moja imeandikwa kwa tarakimu mbili kuanzia 00 hadi FF, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambayo baada ya 9 huendelea na A hadi F. Kulia ni zilezile baiti, zile zenye sura ya herufi zikiandikwa kama herufi na nyingine zikiwekewa nukta. Kila mstari una baiti 16. Kwa kazi yetu, mistari minne ya kwanza mara nyingi inatosha.

Lifungue lile lako la #!AMR. Utaona 23 21 41 4D 52 0A. Tano za kwanza ni zile herufi ulizoziona, ya sita, 0A, ni ya kuruka mstari. Hiyo ni AMR, kodeki (njia ya kubana sauti) iliyotengenezwa kwa mazungumzo ya simu, na simu nyingi za vitufe ndiyo zilizoitumia kurekodi sauti. Kwa hiyo yaelekea sana hiyo ni rekodi yako ya miaka ile ya kwanza. Tazama baiti ya saba. Ikiwa ni 3C, simu ilirekodi kwa kiwango cha juu kabisa cha AMR, kilobiti 12.2 kwa sekunde. Kila kipande cha milisekunde 20 kimewekwa kwenye fremu ya baiti 32, na kila fremu inaanza na 3C yake. Hesabu baiti 32 kutoka hapo, utakuta 3C nyingine, na nyingine, na nyingine. Sekunde moja ya sauti ya bibi ni fremu 50, yaani baiti 1,600. Kumbuka namba hizi, tutazirudia. Kwa sasa badilisha mwisho wa jina uwe .amr na ulifungue kwa VLC.

Za simu za kisasa zitakuwa na sura nyingine. Ukiona baiti nne ambazo hazina maana kwa jicho, mfano 00 00 00 18, kisha 66 74 79 70, ambazo kulia zinasomeka ftyp, hiyo ni familia ya MP4. Zile nne za mwanzo ni urefu wa kisanduku cha kwanza, na hubadilika, kwa hiyo usizitegemee. Tegemea ftyp iliyokaa kuanzia nafasi ya 4. Herufi nne zinazofuata ni jina la ukoo: M4A na nafasi tupu, au mp42, au isom, au 3gp4. Hizo zote zipe .m4a au .3gp na uzijaribu.

Ukiona OggS, yaani 4F 67 67 53, usiishie hapo. Ogg ni kontena, na kontena bandarini halikwambii limebeba mchele au matairi mpaka ufungue mlango. Nenda nafasi ya 28, ambayo kwenye HxD ni mstari wa pili, safu ya 0C. Hapo utakuta neno OpusHead, au baiti 01 ikifuatiwa na vorbis. Ya kwanza ni Opus, na ndiyo inayotumika kwa sauti za WhatsApp. Kama bibi aliwahi kukurekodia huko "mjukuu wangu umepotea", yaweza kuwa imo humu.

WAV inaanza na RIFF, 52 49 46 46, na wengi husoma hapo wakafunga. Hilo ni kosa, kwa sababu video za AVI na picha za WebP nazo huanza na RIFF ileile. Kinachoitofautisha ni nafasi ya 8: lazima pawe na WAVE. Katikati ya maneno hayo mawili kuna baiti nne za urefu, na kwako wewe hizo ni dhahabu. Chukua mfano: baiti hizo ni 04 C0 50 00. WAV ilitokana na RIFF ya Microsoft na IBM ya 1991, na kwenye kompyuta zao namba huandikwa mwisho mbele, kwa hiyo zisome kutoka kulia: 0050C004, ambayo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 5,292,036. Ongeza 8, unapata 5,292,044, huo ndio ukubwa halisi wa faili. Toa baiti 44 za kichwa, yaani maelezo yanayotangulia sauti, zinabaki 5,292,000, nazo ni dakika moja kamili ya sauti ya chaneli moja, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, baiti mbili kwa kila sampuli.

Kwa nini nasema ni dhahabu? Kwa sababu CHK lenye faili zima kwa kawaida ni kubwa kuliko faili la asili. Kadi hugawa nafasi kwa mafungu, tuseme ya baiti 32,768, na Windows ilipokusanya minyororo ilichukua mafungu mazima. Faili letu la mfano litaonekana lina baiti 5,308,416. Zile 16,372 za mwisho ni mabaki ya kitu kingine kilichowahi kukaa hapo, na ndiyo zinazotoa ule mkwaruzo mkali mwishoni mwa rekodi zilizookolewa. Sasa unajua pa kukata.

AIFF ya Apple ya 1988 ni ndugu wa WAV: FORM mwanzoni, AIFF au AIFC kwenye nafasi ya 8, ila namba zake husomwa kutoka kushoto. FLAC huanza na fLaC, herufi ya kwanza ndogo. WMA huanza na 30 26 B2 75. MIDI huanza na MThd, nayo haina sauti ya mtu hata kidogo, ni maelekezo ya kupiga noti tu. Kwenye kadi yako sitarajii kuziona hizi, isipokuwa labda WMA ikiwa uliweka muziki kutoka kompyuta ya zamani.

MP3 ndiyo inayowasumbua watu, na ndiyo uliyoikisia kwa yote. Faili la mp3 halina saini kwa maana halisi ya neno. Ukikuta ID3, yaani 49 44 33, hicho ni kibandiko cha jina la wimbo na msanii kilichobandikwa mbele. Sauti iko nyuma yake. Urefu wa kibandiko umeandikwa kwenye nafasi ya 6 hadi 9, kwa namna ya pekee: kila baiti inatumia biti 7 tu kati ya 8 zinazoiunda. Ukisoma 00 00 1F 76, usihesabu kama kawaida. 1F ni 31, izidishe kwa 128, upate 3,968, 76 ni 118, jumla 4,086. Ongeza 10 za kichwa cha kibandiko, unafika nafasi ya 4,096, na hapo ndipo sauti inapoanza.

Sauti yenyewe inaanzaje? Kwa FF FB mara nyingi, au FF FA, FF F3, FF F2. MP3 ni mfululizo wa fremu, na kila fremu ina alama yake mbele, ili anayejiunga katikati ya mtiririko aweze kushika kamba akaendelea. Alama hiyo ni biti 11 zote zikiwa 1, basi. Baiti mbili fupi namna hiyo hujitokeza zenyewe popote, hata ndani ya picha. Faili la maandishi la Notepad lililohifadhiwa kwa Unicode ya zamani huanza na FF FE, na hiyo nayo inatimiza biti 11! Nimewahi kuona programu ikiripoti barua kuwa ni muziki kwa sababu hiyo. Na AAC, kodeki ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya M4A, ikiwa haina kontena huanza na FF F1 au FF F9, jirani kabisa wa FF FB.

Kwa hiyo kwenye mp3 usikubali shahidi mmoja. Ukiona FF FB 90, ile 9 inasema kilobiti 128 kwa sekunde na 0 inasema sampuli 44,100. Zidisha 144 kwa 128,000, gawanya kwa 44,100, upate 417 na ushei. Fremu inayofuata lazima ianze baiti 417 mbele, au 418 kama baiti ya tatu ni 92. Nenda ukaangalie. Ukikuta FF FB nyingine pale pale ilipotarajiwa, kisha ya tatu, umeshapata mp3 na hakuna wa kukubishia. Usipoikuta, ilikuwa sadfa.

Utauliza mbona nakuhangaisha na hesabu wakati ipo amri ya file, na ipo programu ya ffprobe inayochunguza faili na kusema kila kitu kwa sekunde moja. Zitumie, ni nzuri, mimi mwenyewe huanza nazo. Lakini kwenye kazi ya kuokoa mafaili utafika kwenye lile ambalo file inajibu neno moja tu, data, yaani haijui. Jibu hilo limewafanya watu wengi wafute vitu vya thamani. Faili la namna hiyo laweza kuwa kipande cha katikati: rekodi ilihifadhiwa kwa vipande kwenye kadi, kichwa kikaenda kwenye CHK moja, kiwiliwili kikabaki kwenye nyingine. Halina paukwa, lakini hadithi imo.

Hapa ndipo zile namba za AMR zinapolipa. Fungua faili lisilojulikana, tafuta 3C. Hesabu baiti 32. Kuna 3C? Hesabu 32 tena. Zikipangana mara tano au sita mfululizo, hiyo ni sauti ya simu ya vitufe iliyokatika kichwa. Kwenye nakala, futa kila kilicho kabla ya 3C ya kwanza iliyo kwenye mstari huo, kisha pachika mbele baiti sita, 23 21 41 4D 52 0A. Hifadhi kwa jina jipya linaloishia .amr. Litacheza. Nimelifanya hili kwa mahojiano ya mzee mmoja wa pwani ambayo familia ilikwisha kuyakatia tamaa. Yalianza katikati ya neno, lakini zilikuwa dakika 40 za sauti safi. Ikiwa umbali wa baiti 32 unavunjika hapa na pale, usiogope, huenda simu iliweka fremu fupi za kimya zinazoanza na 44 zenye baiti sita tu.

Kipande cha mp3 kisicho na kichwa ni rahisi zaidi. Tafuta FF FB yenye mwenzake mahali panapotakiwa, futa kilichotangulia, hifadhi.

M4A ndiyo ngumu, na sitaki nikufiche. Ndani yake kuna visanduku viwili vinavyohitajiana: mdat, wenye sauti, na moov, wenye ramani ya wapi kila kipande cha sauti kinaanza na kina urefu gani. Simu nyingi huandika moov mwishoni, baada ya kubonyeza kusimamisha. Mkia ukikatika, ramani haipo, na sauti ya ndani haina alama za fremu za kushika kama mp3. Basi, kwa kila faili lenye ftyp lisilocheza, bonyeza Ctrl na F kwenye HxD utafute neno moov. Halimo? Litafute kwenye yale yasiyo na kichwa. Ukilikuta huko, yawezekana kabisa mafaili hayo mawili ni moja lililokatwa, na kuyaunganisha kwa mpangilio kwaweza kulirudisha zima. Lisipopatikana popote, ipo programu ya bure iitwayo untrunc: unaipa faili lililovunjika pamoja na faili zima lililorekodiwa na simu ileile kwa mipangilio ileile, nayo hujenga ramani mpya kwa kulinganisha. Kwa hiyo ile simu uliyomrekodia, hata kama kioo kimepasuka, usiiuze.

Swali lako la mwisho, la kuyageuza yawe mp3. Nakuomba usifanye hivyo. AMR, Opus na AAC zote zilikwisha kutupa sehemu ya sauti wakati wa kurekodi, na kuzigeuza mp3 ni kutupa mara ya pili. Yahifadhi yalivyo, kila moja na kiendelezi chake cha kweli. Ndugu wakitaka kusikiliza kwenye simu, watengenezee nakala, nao wapewe nakala. Na usije ukaamini WAV kwa jina lake. Niliwahi kuletewa WAV zilizouzwa kama rekodi za asili, nikaangalia nafasi ya 20, mahali panapoandikwa aina ya sauti iliyomo. Sauti isiyobanwa huwa 01 00. Pale palikuwa na 55 00, yaani mp3 iliyovishwa kanzu ya WAV.

Anza na yale yaliyogoma, moja baada ya jingine, na kila faili liandikie kwenye daftari namba yake ya CHK, baiti 16 za kwanza, na unachokisikia likikubali. Usifute lolote, hata lile lililojaa 00 tupu kwenye skrini ya kwanza. Shuka chini kabisa kwanza uone kama kuna kitu. Yale ambayo saini yake haimo humu, wala 3C hazipangani, wala FF FB hazipangani, nitumie picha ya mistari minne ya kwanza na mistari minne kutoka katikati ya faili, pamoja na ukubwa wake kwa baiti. Na niambie ile simu ya vitufe ilikuwa ya aina gani.